Nilimchafulia Jina Aliyepita Mtihani Ulioniangusha

Mpendwa Mama Marcella, naomba unisaidie, lakini kwanza naomba usinichukie, kwa sababu hata mimi mwenyewe siku hizi nikisimama mbele ya kioo naangalia kando.

Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya kununua ndengu na mtama hapa Meru mjini, nyumbani kwetu ni Mbeere, na shuleni nilikuwa yule msichana ambaye insha yake inasomwa mbele ya darasa, kwa hivyo nilipoanza mitihani ya uhasibu, CPA, nilijua kuandika si shida yangu. Kumbe! Pepa ya ukaguzi wa hesabu nimeanguka mara tatu, na mara hii ya mwisho nimepata arobaini na tatu, na hamsini ndiyo ya kupita.

Sasa kuna mwenzangu wa ofisini, Nurto, binti wa mfanyabiashara wa mji wa Maua, mdogo kwangu kwa miaka sita, na ni mimi niliyemfundisha hiyo pepa, jioni baada ya kazi, kwa madaftari yangu mwenyewe, tukaingia ukumbi mmoja siku moja, na yeye akapita mara ya kwanza. Mara ya kwanza, Mama! Na majibu yake ya mazoezi nilikuwa nimeyaona, mistari miwili, anaruka mstari, mistari miwili tena, nikamcheka nikamwambia hayo ni majibu ya mtoto wa darasa la nne, mtahini atadhani huna kitu kichwani. Matokeo yalipotoka akaniambia kwa upole, "Dada Tabby, haya yote ulinifundisha wewe. Mimi najibu tu kile wameuliza. Niletee jibu lako tuliangalie pamoja." Nikaona ananidharau.

Kesho yake tukinywa chai ya saa nne, Njuki wa stoo akauliza huyu Nurto amewezaje, na mdomo wangu ukasema, "Huyo alikuwa na maswali kabla ya siku." Nilisema hivyo tu. Kufika Ijumaa hadithi ilikuwa imezunguka ofisi nzima hadi kwa bosi, Bwana Kailemia, ambaye mwisho wa mwezi huu anachagua mhasibu msaidizi, na kila mtu alijua atamchagua Nurto. Akaniita, akafunga mlango. "Tabby, wewe ndiye ulikuwa unasoma na yeye. Haya maneno ya kuiba mtihani ni ya kweli?" Na mimi, Mama Marcella, niliongea kama dakika kumi, nikasema mitihani siku hizi ni migumu, nikasema vijana wana njia zao, nikasema mimi sipendi kuhukumu mtu, na nilipotoka sikuwa nimesema ndiyo wala hapana.

Nurto amelia chooni. Ameniuliza mimi, mimi kabisa, "Dada, ni nani ananichukia hivi?" nikamshika mkono nikamwambia pole, watu ni wabaya. Na bado ananiombea nipite mara ijayo! Naona aibu hadi chakula hakishuki. Ndani ya barua nimekuwekea jibu langu moja nililoandika tena kwa kukumbuka, uniambie kama nina akili kweli ama niachane na hii CPA, na uniambie nitaishi vipi na huyu msichana.

Ni mimi,
Tabby

MAMA MARCELLA ANAJIBU:

Tabby, majina yote nimeyabadilisha, usiogope, ingawa kuogopa kidogo kungekufaa.

Nianze na lile jibu, maana nilifundisha uhasibu huko Embu miaka kumi na saba na vitabu vya majibu nimevisahihisha hadi macho yakaniuma. Swali lilikuwa la alama nane: umshauri mkurugenzi wa kiwanda mambo manne ya kurekebisha katika stoo yake. Wewe umenipa kurasa mbili na nusu. Umeanza na maana ya udhibiti, ukaja na umuhimu wake, ukanipa na historia juu yake, na mkurugenzi maskini bado amesimama mlangoni anangoja ushauri! Nimekutafutia alama kwa huruma yangu yote nikapata mbili. Unaandika vizuri, sikatai, lakini hakuna aliyekuomba insha. Mambo manne kwa alama nane ni alama mbili kwa kila jambo: moja ya kulitaja, ya pili ya kueleza kwa nini linahusu stoo ile ya kwenye swali, yenye karani mmoja anayepokea mali na kuiandika yeye mwenyewe. Mistari miwili, mitatu, ruka mstari, endelea. Nurto alikuwa sawa, nawe ukamcheka.

Na saa je? Mtihani ni saa tatu kwa alama mia. Kila alama ipe dakika moja na nusu, zinazobaki ni za kusoma maswali na kupanga. Hilo lilikuwa la dakika kumi na mbili, na naapa uliliandika kwa dakika arobaini, halafu swali la mwisho hukuligusa. Nimekosea? Likija la hesabu, onyesha hatua zako zote, kwa sababu hata jibu la mwisho likiteleza, hatua zina alama zake. Akili unayo. Usiache CPA, acha kujionyesha.

Sasa hilo jingine, na hapa sina maneno matamu. Umemchafua msichana aliyekuheshimu, kisha ukamfuta machozi. Na usiniandikie eti mdomo ulisema. Ni wewe ulisema! Naamini aibu inakutafuna, na pole, mwanangu, nakuhurumia kweli, lakini aibu yako haitamsaidia Nurto chochote akinyimwa ile kazi.

Usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi ingia kwa Bwana Kailemia kabla hajaanza kupokea watu. Usimwandikie barua, tunajua itakuwa ndefu. Ukitoka hapo, saa nne, rudia mbele ya Njuki na wote mliokunywa nao chai. Halafu mtafute Nurto umwambie ni wewe, na usimwombe msamaha wa papo hapo, mwache akasirike, ana haki. Huenda ukapewa onyo. Huenda ukampoteza rafiki. Yapokee.

Na ukiwa mbele ya bosi usinianzie na ugumu wa mitihani wala vijana wa siku hizi. Alikuuliza kama Nurto aliiba mtihani. Mwambie, "Hapana. Nilidanganya mimi." Kisha unyamaze.