Jiko Nililolichagua Mimi

Mtalaka wangu, Baba Zuhura,

Jana dada yako alikuja hapa Makorora. Anasema tangu mguu wako upooze, mkeo amekuchoka. Anasema pia talaka uliyonipa ilikuwa moja tu, kwa hiyo tunaweza kufunga ndoa upya ukarudi kuishi katika nyumba hii ya marehemu mama yangu. Nilimpa chai, nikamwambia jibu nitaliandika.

Unaikumbuka televisheni tuliyonunua siku za ruksa, baada ya miaka yote ile ya foleni za sukari? Kila Ijumaa jioni mke na mume wa Kizungu walitembezwa nyumba baada ya nyumba wakichagua ya kununua. Kiingereza hatukijui, basi ukajifanya mkalimani. "Mke anasema jiko dogo. Mume anamwambia akapike kwa mama yake." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu ukaniuliza, mkono wako begani kwangu, "Na wewe, Mama Zuhura, jiko lako ungelitaka vipi?"

Mjinga mimi, nikakueleza. Jiko la ndani, si la uani. Meza ya saruji nipikie nimesimama. Na chini, usawa wa mtu aliyekaa kwenye mbuzi, dirisha dogo, ili nikiwa nakuna nazi nimwone anayepita. Wiki nzima ulikuwa unanidadisi, upana wa meza, kimo cha dirisha. Mume anayekusikiliza hivyo humdhanii baya.

Ulipooa mke wa pili ulisema umempangia chumba. Alipojifungua nilikuja huko kwenu Usagara kumpongeza, watu wasiseme nina kijicho. Nikakuta nyumba nzima, tena mpya. Nikaingia jikoni kumkorogea uji wa mzazi, nikaiona meza ya saruji. Nikatazama chini, nikaliona dirisha usawa wa magoti yangu.

"Hilo la kuku," mkeo akacheka. "Sijui bwana alilitakia nini. Mimi nazi nakuniwa na jirani."

Uji niliukoroga ukaiva, nikampa. Mke ningekusamehe, mtoto nilikwisha kukusamehe, lakini jiko sikuweza. Kesho yake nikadai talaka yangu, ukaiandika bila hata kuuliza kisa.

Sasa jibu lako. Nilikupenda, sikatai, na kikohozi chako nikikisikia mtaani moyo bado hunishtuka. Ila dada yako aliponiambia kwamba siku hizi unaomba maji mara tatu ndipo uletewe, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mno.

Chumba chetu hakipo. Eda ilipokwisha nilimwita fundi akabomoa ukuta, pakawa sebule. Kitanda ulichokuja nacho siku ya ndoa yetu nilikipasua kuni, zikapikiwa pilau ya harusi ya Zuhura. Ulikuja, ukala sahani mbili, ukaisifu.

Mimi mtalaka wako,
Mama Zuhura