Usizing'oe Tena Kope, Mama

Itigi, karibu na stesheni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wangu Zaina anapokusomea haya, natumaini umeketi vizuri na magoti hayakusumbui. Mimi nipo, ila nimechoka. Jicho la kulia limefungwa bandeji, naandika kwa hili moja, na mistari inapanda mlima.

Tangu masika macho yalikuwa yakiwasha na kutoa machozi, mwanga wa mchana ukinichoma. Nikasema ni moshi. Mpika wali wa abiria wa treni atalaumu nini kingine? Nikahamishia jiko nje, wapi. Basi nikachukua kibanio nikang'oa kope mbele ya kioo, kama tunavyokung'olea wewe umelaza kichwa mapajani mwetu, ukituambia tusiogope. Nikapata nafuu kidogo, kisha zikarudi fupi na ngumu, zikachoma kuliko mwanzo.

Nikashindwa, nikaenda hospitali Kilimatinde. Muuguzi akanipindua ukope, akauliza, "Dada, kwenu nani mwingine anang'oa?"

Nikamwambia mama, na bibi kabla yake.

"Huo ni ugonjwa wa vikope," akasema. "Unaambukiza tangu utotoni. Kovu la ndani ya ukope linavuta kope, zinakwangua jicho. Ukizing'oa zinaota tena. Mwambie mama awahi, ukope urekebishwe. Kioo cha jicho kikishaharibika, kumrudishia macho ni kazi ngumu."

Siku hiyo wakanirekebisha ukope wa kulia, lakini maneno hayo yaliniuma kuliko sindano ya ganzi.

Najua utasema umezoea. Lakini nilipokuja wakati wa mavuno nilisimama mlangoni, ukauliza ni nani, nami nilikuwa mbele yako. Nilikujibu nikicheka. Nililia nikienda kisimani.

Kaka Rajabu yuko Utemini, kule mjini, atakupeleka hospitali na utalala kwake. Ni ganzi na mshono mdogo, hulazwi. Zaina, kibanio kitupe, nawe ukapimwe. Watoto wanawe uso kila asubuhi, hata kama maji yanafuatwa mbali, na kila mmoja awe na kitambaa chake. Mama, lile pindo la kanga yako unalowafutia wote, sasa basi.

Nisalimie shangazi, na jirani yetu mkamua alizeti.

Nikipona nitakuja. Sitabisha hodi. Nitasimama mlangoni kimya, nikungoje uniite jina langu.

Mwanao,
Mwanaidi