Mabuti Yako ya Kiwangwa

Mtani,

Jana Bi Tatu, mkeo, alitoka eda, na leo nimeamka mwepesi. Nilikuwa nikiiogopa siku ya msiba wako kabla hata hujaugua. Nimekupinga magazetini na mikutanoni muda wote ulipokuwa Mbunge wetu, na nilijua ukitangulia wewe nitabanwa: nikusifu kwa uongo mbele ya watu, au niseme kweli nimpoteze Bi Tatu, rafiki yangu tangu hujamwoa. Nakuandikia nikueleze nilivyonusurika.

Msiba ulijaa wakubwa kutoka Dar es Salaam. Ndugu yako Abdallah alinipokea njiani, sijafika hata barazani.

"Dada Zuhura, leo hakuna utani. Marehemu alikuwa Mheshimiwa."

"Uheshimiwa ulikuwa wa Bungeni," nikamwambia. "Hapa amekufa Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu alibeba pembe mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo. Na mimi unataka nibebe maneno yangu nirudi nayo nyumbani?"

Bi Tatu akanisikia kutoka ndani. "Mwacheni apite. Asipokuja huyo kumsema, nitaaminije kwamba mume wangu amekufa kweli?"

Basi nikapita. Nikavaa koti lako la Bungeni na ile miwani yako, nikatokea barazani, nikakohoa kile kikohozi chako cha kuombea kimya. "Mheshimiwa Spika," nikasema, "mtu mwema hahitaji sheria, na mtu mbaya haisomi. Kwa hiyo wanawake wa mashamba ya chumvi wasipewe mabuti. Mwenye chumvi ni mtu mwema, namjua, tunaswali safu moja."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa mmoja wa Dar akatazama viatu vyake.

Nilijua wanachokiona, Mtani, maana wenyeji wote wanamjua Mwanahawa, jirani yangu, anayebeba chumvi kwenye kikapu tangu ujana. Wameona miguu yake. Maji ya chumvi yanaingia kwenye mipasuko ya nyayo, kidonda hakifungi, na asubuhi anarudi kukanyaga palepale. Maofisa wa wilaya walipoandika kanuni ya kuwalazimisha wenye chumvi kutoa mabuti na maji ya kunywa, ulikwenda ofisini kwao ukasema itawafukuza matajiri. Ikafungiwa kabatini. Nilipokufuata kwako kukuuliza, ulinimiminia kahawa ukasema, "Serikali haiwezi kuhesabu vidonda vya kila mguu, Mtani." Nikakujibu kwamba kodi ya kila mguu inaihesabu vizuri sana. Ulicheka. Hukubadili neno.

Na sheria ya ndoa. Ulisimama Bungeni ukasema binti akiulizwa kama anamtaka mume, adabu imekwisha nyumbani. Ukasema mke anayepigwa ana wazee wa kumsuluhisha, mahakama haina kazi chumbani mwa watu. Niliusoma mchango wako gazetini nikashindwa kumaliza chakula. Sheria ilipita bila msaada wako, nikashukuru.

Lakini mwanao Mwajuma alipoposwa na yule mfanyabiashara wa nguo, ulimwita ukamuuliza. Akakataa. Ukamuuliza tena siku ya pili, usije ukawa umemtisha. Akakataa tena, ukarudisha posa, ukavumilia lawama za ukoo mzima. Bi Tatu ndiye aliyenieleza. Hapo ndipo nilipokuelewa, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Hukuwa katili. Ulijua kabisa jambo jema ni lipi. Ila ulitaka litoke mkononi mwako kama zawadi, apewe unayempenda, siku unayopenda. Mimi nilitaka binti wa mvuvi naye aulizwe, hata kama baba yake hana moyo wako.

Turudi barazani. Kimya kile kilinitisha, nakiri. Nikadhani nimempoteza mkeo. Halafu nikasikia kicheko chembamba chumbani kwa wanawake, na nikakitambua. Bi Tatu alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Kikohozi hicho," akasema, "kikohozi hicho ndicho." Wanawake wakamfuata. Abdallah akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Jeneza lilipotaka kutoka, nikalala kizingitini kama mtani anayedai haki yake. Abdallah akanipa noti, nikaisukuma.

"Unataka nini, dada? Watu wanangoja."

"Nataka mabuti yake. Yale aliyokuwa akiendea Kiwangwa kwenye shamba lake la mananasi, mvua ikinyesha, asikanyage matope."

Mwajuma aliyaleta mwenyewe. Udongo wa shambani ulikuwa bado umeganda kwenye soli. Nikainuka, nikakupisha. Ulipita karibu sana, Mtani.

Mabuti nilimpa Mwanahawa. Msimamizi alipomuuliza kayatoa wapi, akajibu, "Kanirithisha Mbunge." Wenzake wakataka urithi wao. Wakaenda wilayani wote pamoja, na vikapu vyao, wakaketi kwenye ngazi za ofisi. Kanuni ikatolewa kabatini, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuirudisha. Imetiwa sahihi. Mabuti yameshagawiwa, mengine makubwa mno, wanajaza matambara vidoleni, lakini vidonda vinaanza kukauka. Ningependa ungeyaona. Ningependa zaidi ungekuwa wewe uliyeitoa kanuni ile.

Nisikufiche, nimepumua. Nimesema kila nililokuwa nalo, na jana Bi Tatu alinipikia pilau na kunilaza kwake. Kumbe niliweza kukupinga mpaka mlangoni mwa kaburi na bado nikaruhusiwa kukulilia.

Nakuahidi nitaendelea kuyaeleza uliyoyafanya Bungeni, bila kupunguza. Lakini akitokea mtu akasema ulikuwa mwizi, au kwamba hukuwapenda watu wako, atakutana na mimi. Mwenye haki ya kukusema ni mtani wako.

Nenda salama, Mtani. Mungu akulaze mahali pakavu.

Jambo moja la mwisho. Mwajuma ameposwa tena, na kijana wa posta. Baba wa kumuuliza kwa wema hayupo. Abdallah alitaka kujibu kwa niaba yake, akakumbushwa sheria, akamuuliza. Mwajuma amesema bado anafikiri. Ni wiki ya pili sasa, anafikiri tu, anafua nguo zake anaimba, na hakuna anayeweza kumharakisha. Akikubali, nitavaa koti lako nikohoe kwa niaba yako.

Mtani wako,
Zuhura