Godoro Juu ya Vitunguu

Iringa, 3 Februari 2025

Wifi yangu Apolonia,

Kamwene. Salamu nyingi zikufikie huko Rujewa, wewe na wote wa nyumbani. Mpunga umekubali mwaka huu? Na magoti je, maana nilisikia yanakusumbua. Mimi sijambo, ila presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu umenifungia simu, na kwenye WhatsApp pia. Barua nimempa kondakta wa basi aishushe Igawa, atakuletea mtu wa bodaboda.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tano redio moja ya hapa mjini inaniandalia sherehe. Nyimbo zangu za zamani zote, jioni moja, na gitaa, kofia pana na buti kama enzi zile nilipoitwa malkia wa kantri wa nyanda za juu. Wasikilizaji wamepiga kura, na wimbo wanaoupenda kuliko zote ni "Godoro Juu ya Vitunguu". Watangazaji wanataka yule mwanamke wa wimbo apande jukwaani nimkumbatie. Nimewaambia yupo, ni wifi yangu, aliyekuwa mke wa kaka yangu Liberatus, na ni mtu wa watu.

Uje, wifi. Kaka ameshapumzika, Mungu amrehemu. Tumebaki sisi.

Wifi yako akupendaye,
Frida

Rujewa, 17 Februari 2025

Frida,

Barua imefika. Mimi mzima, magoti si mazima, mpunga umekubali. Hapo salamu zimeisha.

Simu nimeifunga kwa sababu kwenye simu huwa unalia, nami nikisikia mtu analia ninalegea. Kwenye karatasi silegei.

Unakumbuka ilivyokuwa, lakini ngoja nikukumbushe. Kaka yako aliniambia, nenda kwenu ukasalimie, mama yako amekukumbuka. Akanipa vitenge vya kumpelekea. Nikasalimia, nikakaa nikimsubiri aje kunichukua kama mume anavyomfuata mkewe. Likaja lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, na juu ya magunia limefungwa godoro langu kwa kamba. Dereva alisimama sokoni, akapiga honi, akauliza mwenye godoro ni nani. Ndivyo nilivyojua nimeachika, mimi na soko zima kwa pamoja.

Nikapanda basi nikaja kulia kwako, maana ulikuwa wifi yangu na nilikupenda. Ulinichemshia chai. Ukaniuliza godoro lilikuwa la rangi gani, dereva alitamka vipi hasa, mama alisema nini. Nikadhani ni huruma. Hata mavuno hayajafika, nikayasikia yote redioni na gitaa juu yake.

Tangu hapo mimi ni Mama Godoro. Watoto waliozaliwa juzi wananiambia shikamoo Mama Godoro, kwa adabu kabisa, hawajui kama ni tusi. Na kwenye sendofu za kuwaaga mabinti, zawadi zikiingizwa, mashangazi wakibeba godoro la bibi harusi huku wanacheza, unapigwa wimbo wako. Wimbo wa mwanamke aliyeachwa wanamsindikizia anayeolewa, kisa una mdundo mtamu. Halafu wote wananigeukia waone kama nitacheka.

Siji.

Apolonia

Iringa, 2 Machi 2025

Wifi Apolonia,

Kamwene. Natumaini magoti yamepata nafuu, jaribu kuyakanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Mimi bado ni yule yule.

Barua yako ilinikalisha chini. Sikujua kama jambo lile limekukaa hivyo. Mimi niliona nakutetea, wifi. Wimbo mzima mbaya wake ni kaka yangu, na yeye alininunia mpaka anakufa. Mwimbaji wa kantri haimbi raha, anaimba kinachouma, na siku ile hakuna kilichouma kama wewe. Kama nilikukosea, nisamehe.

Na mimi yamenifika. Sina wa kumwambia hapa mjini, kila mtu ananijua. Crispin hayupo nyumbani. Mume wangu, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, alikwenda msibani Makambako na msiba ulipoisha akabaki kwa mwanamke mwenye duka la dawa. Majirani nimewaambia anaingia na kutoka, ana shamba Mufindi. Watu wa redio wakijua watataka kunihoji hilo badala ya nyimbo. Chonde, lisitoke mdomoni mwako.

Wifi yako,
Frida

Rujewa, 10 Machi 2025

Wifi yangu mpendwa Frida,

Kamwene, na kamwene tena. Presha imeamkaje? Unakula? Usikae na njaa kwa ajili ya mwanamume.

Nilikuwa mkali, tuyaache. Pole sana. Nimelifikiria jambo lako tangu barua ilipofika, na ninaona unalibeba peke yako. Hebu niambie vizuri, usinifiche kitu. Aliondoka amevaa nini? Ametuma mtu kuchukua vitu vyake? Na majirani unawafanyaje mpaka wasijue? Mtu ukisema, yanapungua uzito.

Sherehe nitakuja.

Wifi yako,
Apolonia

Iringa, 21 Machi 2025

Wifi yangu,

Kamwene. Leo nimeamka vizuri kwa sababu ya barua yako, hata presha imeshuka. Magoti yako nayaombea.

Aliondoka na koti la msibani na kandambili, akasema viatu vinambana. Baadaye akatuma bodaboda kuchukua miwani ya kusomea na redio ndogo. Nikavifunga mwenyewe, na mashati yake nikayapiga pasi kwanza. Usiniulize kwa nini.

Viatu hakuviulizia. Basi kila asubuhi navipaka dawa navitoa barazani, wapitao waseme mwalimu yuko. Jioni naviingiza. Mvua ikinyesha navipaka tope kidogo, maana viatu vya mtu anayetembea haviwezi kung'aa masika. Wiki iliyopita katekista alipita, akaviona, akaita dirishani, "Mwalimu, tumsifu Yesu Kristo." Nikakohoa kwa sauti nzito, akaridhika, akaenda zake.

Nimecheka nikiandika hapo, halafu nimelia. Asante kwa kuniuliza. Tangu mama afariki hakuna aliyeniuliza chochote.

Wifi yako,
Frida

Rujewa, 4 Aprili 2025

Wifi yangu,

Kamwene. Sisi wazima wote.

Barua yako nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa. Siku ya sherehe, ukishanikumbatia, waambie wanipe kipaza sauti nitoe neno la shukrani. Nitakuja na Vitus anayetupigia gitaa kwenye kwaya ya parokia, anishike mkono ngazi za jukwaa, kwa magoti haya.

Kula, wifi.

Apolonia

Iringa, 19 Mei 2025

Apolonia,

Salamu zangu huna, na presha yangu usiiulizie.

Nilikukumbatia mbele ya ukumbi mzima. Kipaza sauti nilikupa kwa mkono wangu. Vitus akatoa gitaa, nikadhani mtaimba pambio. "Viatu viko barazani, mwenyewe yuko Makambako." Ubeti wa kwanza nilikuwa bado natabasamu. Ulipofika kwa bodaboda na mashati ya pasi, nikajua ninayeimbwa ni mimi. Na ulipokohoa kwa sauti nzito watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na katekista amekaa safu ya mbele. Wakapiga kelele uurudie. Ukaurudia. Mimi nimesimama pale na kofia yangu, napiga makofi, maana ningefanya nini?

Sasa redio inaupiga kila siku, nyimbo zangu hakuna anayeziulizia. Mtu akipita kwangu anatazama baraza kwanza ndipo ananisalimia. Waambie wauondoe. Umelipiza, tumelingana, tuyamalize.

Frida

Rujewa, 2 Juni 2025

Frida,

Mimi mzima. Hata magoti yametulia.

Ni kweli nimelipiza, na sitakudanganya kwamba roho inanisuta. Kulikuwa kutamu. Niliporudi nililala mpaka jua likanikuta kitandani, kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa msichana. Nilikutega, na maswali ya kukutegea nilijifunza kwako.

Kuondoa siondoi. Mimi nilikuja mlangoni kwako nikapiga magoti nikakuomba uutoe ule wangu kwenye kanda, ukanijibu kuwa watu wameshaupenda. Basi na huu wameupenda.

Lakini hatujalingana. Wewe umeimbwa jukwaani kwako, mbele ya watu waliokuja kukushangilia. Subiri ualikwe kwenye sherehe ya watu usiowajua vizuri. Umekaa na sahani yako ya pilau, wimbo uanze, meza nzima ikugeukie, na wewe ulazimike kutabasamu kwa kuwa sherehe si yako. Siku hiyo ikifika, niandikie. Kabla ya hapo usiniite wifi.

Apolonia

Iringa, 8 Septemba 2025

Apolonia,

Kamwene. Natumaini mpunga ulivunwa salama na magoti yanakutii. Mimi nipo.

Jumamosi nilikuwa Kalenga, sendofu ya binti wa mtu tuliyesali naye zamani. Nilikaa meza ya nyuma na watu nisiowajua. Wakaingiza kabati, wakaingiza jiko la gesi na masufuria, mashangazi wanacheza. Kisha wimbo ukabadilishwa, ukawekwa wako. Mdundo ni mzuri, nakubali, Vitus ana mkono. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza wa pili, wakageuka wote. Kijana akakohoa kwa sauti nzito. Wakacheka, hawakuwa na ubaya wowote. Nilikuwa na nyama mdomoni, haimezeki wala haitemeki.

Nikatabasamu.

Nakuandikia kama ulivyosema. Hapo juu nilianza kuandika neno moja kabla ya jina lako, nikasita, nikachukua karatasi nyingine. Utaniambia wewe nikuite nani.

Frida