Buti Zisizo na Vumbi

Omuse, soli za buti zako hazina hata vumbi. Jumatatu unaenda ule mwaka wa huduma ya vijana, na miguu yako bado haijazizoea.

Asubuhi tulikubaliana utembee nazo mpaka Chakol na kurudi. Nimekukuta hapo kwenye kona umevaa slipa, buti umezibeba kwa mfuko, eti watu wa bodaboda watakuita afande. Na Mama anasema, "Mwache mtoto, zitamuumiza." Mama, zitamuumiza huko, na huko wewe hutakuwepo.

~~Leo jioni uzivae, tafadhali.~~ Nimezivaa mimi, na soksi mbili mbili, niende nazo sokoni Malaba. Nitazirudisha zikiwa zimelainika.

Maharagwe yako jikoni, bado chumvi. Shati lako ufue mwenyewe. Mama, usimfulie.

Hao wa boda wataniita mimi afande, nami nitapita tu. Lakini Omuse, siku ile kwa chifu walipouliza nani anataka kwenda, mkono wangu ulikuwa umeanza kupanda. Kisha wakasema lazima uwe umemaliza shule, nikajikuna nao kichwa.

Dada yako,
Petronilla