Si Chira, ni Kichocho

Nyamasaria, Kisumu

Baba Akinyi,

Nakusalimu wewe, mama yako na kila mtu wa boma letu huko Asembo. Sisi hapa kwa dada yangu tunaamka. Mguu wa mama yako bado unavimba? Usinifiche, maana nikikosa habari nawaza mabaya tu.

Akinyi anakula. Jana alimaliza ugali na omena, akagombania sahani na mtoto wa dada yangu.

Sasa sikiliza. Unakumbuka siku tuliyofukuzwa. Mke wako mkubwa, Mikayi, alisimama mlangoni kwangu mbele ya watu, akasema Akinyi anakojoa damu kwa sababu mimi mke mdogo nilivunja mwiko nikamtangulia kupanda, na sasa laana hiyo ya chira inamla mtoto. Kupanda gani? Yale maboga yaliota yenyewe kwenye jaa la taka. Akasema, "Mchukue, akafie kwenu." Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako. Na mtoto alikuwa ameshanyweshwa dawa za chira mpaka akatapika nyongo.

Hospitalini walipima mkojo na damu. Sista aliyetupa majibu ni msichana wa huku huku. Akasema, "Mama, ni bilhazia, na ana anemia."

Nikamwuliza, "Sista, maneno hayo ni ya kuzika ama ya kupona?"

Akanikalisha. "Ni ya kupona. Bilhazia ndiyo kichocho. Ni vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa ziwani, vinaingia kwa ngozi mtoto akioga. Basi damu inatoka na mkojo, kidogo kidogo. Ikipungua mwilini, tunaita anemia. Ni hivyo tu."

"Na kama mama yake alipanda kabla ya mke mkubwa?"

"Mama, konokono hajui nani aliolewa kwanza."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu hasira ikanikaa kifuani na mpaka leo haijatoka.

Juzi ndugu yako alipoleta samaki sokoni alipita hapa. Ameniambia Owino wa Mikayi naye anakojoa damu, na mama yake anafua kaptula zake kwa kujificha. Baba Akinyi, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.

Lakini Owino hana kosa, huyo nimembeba mgongoni. Sista amesema watoto wote wanaooga pale ziwani waletwe. Basi aletwe upesi, damu isimwishe. Ila usimlete wewe, wala mama yako. Amlete Mikayi mwenyewe. Akae kando yangu kwenye benchi, asomewe majibu nikisikia. Ndipo nitamwuliza mbele ya kina mama wote: "Wewe ndiwe wa kwanza, hakuna anayepanda mbele yako. Huyu wako analiwa na chira ya nani?"

Akinijibu kuwa si chira, turudi nyumbani pamoja, akayaseme hayo mlangoni kwangu, mbele ya watu wale wale. Asiposema, mimi na Akinyi hatukanyagi boma hilo.

Nisalimie mama yako, na mke wa ndugu yako aliyenifungia unga wa safari, na shemeji yangu mdogo anayechunga ng'ombe. Akinyi anasema ujilinde na baridi.

Mikayi usimpe salamu zangu. Mpe nauli.

Ni mimi mke wako,
Mama Akinyi