Neno la mlima nililokusomea vibaya

Mpendwa Tonton,

Nimerudi kutoka kwako, kisiwani Idjwi mlikohamia. Kuna jambo nilishindwa kukuambia uso kwa uso, basi naliandika.

Unakumbuka likizo ile nilipopanda kwenu kwa zamani, juu ya kijiji cha Miti, nikiwa mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu? Citoyen mmoja, ofisa wa serikali, alikuwa ameleta karatasi ya mpaka mpya wa pori la hifadhi, ili mtie kidole badala ya sahihi. Ulitoka kupalilia maharagwe, mikono imejaa udongo, ukanipa kiti chako.

"Soma, mama. Wanasema nini juu ya shamba?"

Karatasi ilisema mlima wenu wote ni "étage montagnard". Montagnard nililijua: Papa, ndugu yako, alituita hivyo kwa utani, sisi watu wa milimani. Étage nililijua kama ghorofa ya nyumba tu. Pale sikulielewa, na sikusema.

"Ni kusema nini?"

"Ni kusema watu wa mulima, Tonton. Njo ninyi."

Ulicheka kwa furaha. "Kumbe wanatujua!" Ukatia kidole. Majirani wakatia nyuma yako, kwa kuwa mtoto wa shule alikuwa amesoma.

Mwaka uliofuata, mwalimu wetu wa biolojia alichora mlima ubaoni, akaukata kwa mistari. Étage montagnard, alisema, ni ukanda wa juu, wenye baridi na ukungu, mahali pa msitu na mianzi. Ni neno la wataalamu wa mimea. Halikuwa na mtu ndani yake; kwa neno hilo mlima wenu ulikuwa umetiwa ndani ya pori. Wakati huo nyumba yenu ilikuwa imeshabomolewa, na Tantine, mke wako, analala kanisani na watoto.

Mwezi uliopita nilivuka ziwa ili nikiri. Ukawaita majirani: "Huyu njo mutoto ya ndugu yangu, anafundishaka Bukavu!" Kisha ukaniambia taratibu, "Ile karatasi, wewe ulisomaka muzuri. Wao njo waligeuza maneno nyuma ya pale."

Nikala samaki wako.

Hawakugeuza, Tonton. Karatasi ilikuwa ileile. Mimi ndiye niliyeona haya kusema sijui.

Pengine hata mngekataa wangewafukuza. Kuwaza hivyo hakunipi usingizi. Lakini mngejua mnatia kidole kwenye nini.

Katekista wenu ndiye atakayekusomea barua hii. Nimemwomba afike mwisho, hata ukimwambia anyamaze.

Ninayekuomba radhi,
Mtoto wa ndugu yako